Eka Tatu na Sigara za Java

Karafuu zikiwiva, skuli zilifungwa, na sikumbuki mtoto wa Wete, Pemba, aliyelalamika. Shamba letu lilikuwa la eka tatu, lile la ugawaji uliofuata Mapinduzi ya 1964, lenye mikarafuu iliyomzidi umri kila mtu wa nyumbani. Wanaume walipanda na kamba na vigoe. Sisi wadogo tuliokota zilizodondoka. Usiku ndipo kazi ilipokolea: kuchambua. Unashika kikonyo kwa mkono mmoja, unazisukuma karafuu kwenye kiganja cha pili zikatike, karafuu huku, makonyo kule, mpaka vidole vinakuwa vyeusi na vinawasha. Bibi alichambua huku akisuta watu, wala hatazami mikono.

Asubuhi tulianika majamvini. Wingu likikusanyika, kila mtu mbio, maana karafuu iliyonyeshewa hupauka na kwenye kituo cha kuuzia hushushwa daraja. Iliyokauka sawasawa, ukiivunja hulia. Makonyo nayo yaliuzwa, yakakamuliwe mafuta.

Fedha ya msimu ndiyo iliyoezeka mabati na kutoa mahari. Nani hasa aliyezinunua karafuu huko nje? Tulidhani ni Wazungu, watie kwenye mapishi yao. Mwalimu wa jiografia akatuonyesha Indonesia kwenye ramani, akasema hawa huzivuta: wanazikatakata, wanazichanganya na tumbaku, wanatengeneza sigara ziitwazo kretek. Darasa zima lilicheka. Na mkarafuu wenyewe asili yake ni huko huko, visiwa vya Maluku. Zanzibar uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19.

Sisi tunacheka, wenzetu walikuwa wameshapanda mashamba yao. Katika miaka ya 1980 mavuno yao yakaanza kuwatosha, na bei ikaporomoka. Tani iliyokuwa ikiuzwa maelfu ya dola, kufika katikati ya miaka ya 1990 haikufika hata elfu moja. Mkulima hakuruhusiwa kumuuzia mwingine ila shirika la serikali, kwa bei ya shirika. Waliothubutu walivusha magendo usiku kwa mashua hadi pwani ya Kenya, na adhabu yake ilikuwa nzito. Mashamba yakaota magugu. Kaka yangu akenda zake Muscat. Mama akaingia baharini kulima mwani, kilimo kilichoanza kibiashara Unguja mwaka 1989, na mnunuzi wake naye yuko ng'ambo, naye ndiye mwenye kutaja bei.

Wapo wanaosema Indonesia ilituponza. Mimi sioni hivyo. Nchi kujilimia chake si dhambi. Kilichotuponza ni kuweka kisiwa kizima juu ya kifua cha mvuta sigara mmoja, na mkulima asiambiwe lolote mpaka bei imeshaanguka.

Hadi leo Indonesia ndiyo inayovuna karafuu nyingi kuliko nchi yoyote, na ndiyo inayozitumia nyingi zaidi. Mavuno yao yakipungua, bei ya Pemba hupanda.