Upande wa Kushoto wa Gari

Nimekuwa fundi wa magari mjini Tanga tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na gari lolote likiingia gerejini kwangu, hata kama limeletwa kwa ajili ya honi tu, hulizunguka kwanza upande wa kushoto. Natazama kioo, taa ya mbele, indiketa, tairi, na namna mlango unavyofunga. Sisi tunaendesha kushoto na usukani wetu uko kulia, kwa hiyo dereva amekaa mbali na upande ambao baiskeli zinapita. Mkwaruzo wa upande wake anauona kila anapofungua mlango. Wa upande wa pili anaweza kuishi nao mwaka mzima asiujue.

Kazi nilijifunza kwa mzee mmoja wa Kidigo aliyekuwa na gereji ya makuti kule Ngamiani. Nilianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kushika spana. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, nchi imechoka, spea hazipatikani. Magari mengi tuliyoyahudumia yalikuwa Land Rover za mashamba ya mkonge na Peugeot za watu wachache wenye uwezo. Land Rover za zamani zile zilikuwa na njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba likitoboka popote, pedeli inazama hadi sakafuni na hakuna gurudumu hata moja linaloshika. Na Tanga bomba la chuma halidumu, kwa sababu upepo wa baharini una chumvi na chumvi hula chuma usiku na mchana. Mzee alikuwa akilala chini ya gari na kitambaa, anasugua bomba lote kuanzia masta silinda mpaka gurudumu la nyuma, na pale kitambaa kinapokwama kwenye kutu anatia alama ya chokaa. Hakulitoa gari lolote kabla bomba lenye alama halijabadilishwa, hata mwenye gari awe nani.

Wakati huo Tanga ilikuwa mji wa baiskeli. Wafanyakazi wa bandari, wa reli na wa viwandani walikwenda kazini kwa baiskeli za Phoenix, na zamu zilipobadilishana barabara ilijaa kengele. Magari yalikuwa machache na yalijua kusubiri. Hali ilianza kubadilika yalipoingia magari ya mtumba kutoka Japani, katika miaka ya 1990 na zaidi baada yake. Corolla, kisha Noah, Vitz, IST. Nasi mafundi tukanufaika, sikatai. Lakini barabara ni zilezile, na aliyesogezwa pembeni kupisha magari hayo ni mwenye baiskeli.

Asilimia kubwa ya kazi ya gereji ni mambo ya kila siku. Gari linachemsha: ukifungua rejeta unakuta maji mekundu ya kutu, kwa sababu mwenyewe amekuwa akijaza maji ya kisima, nayo maji ya visima vya pwani yana chumvi. Au fundi aliyetangulia ametoa thamostati akidhani amelisaidia gari. Thamostati ikitolewa injini hukaa baridi kupita kiasi, hula mafuta zaidi na husagika upesi, na ugonjwa wenyewe wa rejeta iliyoziba unabaki palepale. Gari linamisi: mara nyingi ni plagi au koili. Gari linagonga mbele: boljointi, bushi, shokapu. Hayo watu huyaleta mapema kwa sababu yanawakera wenyewe. Breki na vioo huwa havimkeri mtu. Injini ikiugua gari linasimama; breki ikiugua gari linakwenda tu. Ndiyo maana bosi, yaani mwenye gari, atakopa fedha anunue gasketi ya silinda hedi, na padi za breki akaniambia tutaziona mwezi ujao.

Masika moja nililetewa Corolla nyeupe iliyomgonga mchuuzi wa samaki. Alikuwa akitoka soko la Deep Sea alfajiri, tenga nyuma ya baiskeli, akavunjika mguu. Polisi walikuwa wamekwisha kulikagua gari, na mwenyewe alitaka nimrudishie taa na bampa tu. Alikuwa mtu mzima, mpole, na usiku hakuwa akipata usingizi. Akaniambia, “Fundi, nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, lakini gari lilimfuata. Nikisema hivyo watu wananiona najitetea.”

Nikalipandisha jeki nikafungua magurudumu yote mawili ya mbele. Padi za kushoto zilikuwa zimekwisha hadi chuma kinasugua diski. Za kulia zilikuwa nene kama zilivyotoka dukani. Kava la mpira la kalipa ya kulia lilikuwa limechanika, maji na mchanga vimeingia, pistoni imeshikwa na kutu haiendi mbele wala nyuma. Hapo maneno yake yalieleweka. Gurudumu la kushoto lilikuwa linashika peke yake, na gari hufuata upande unaoshika. Kadiri alivyokanyaga zaidi ndivyo lilivyozidi kuvuta kushoto, alikokuwa yule mchuuzi. Miezi kadhaa kabla alikuwa ameambiwa kwingine kwamba ni alaimenti, akarekebishiwa alaimenti, akanunua na tairi mpya. Hakuna aliyevua gurudumu atazame padi.

Nilimwonyesha pistoni ile, na baadaye alimwonyesha mchuuzi mwenyewe alipokwenda kumtazama hospitali. Gharama za mguu alizibeba yeye. Lakini mimi jambo lile halikunitoka moyoni. Dereva yule hakuwa mlevi wala hakukimbia. Aliona baiskeli, akafanya alilofundishwa, na gari lake likageuza tendo jema kuwa ajali. Tangu hapo kila mteja wangu namfundisha kipimo kidogo: tafuta barabara tupu iliyonyooka, nenda mwendo wa kilomita 30 kwa saa, shika usukani kwa wepesi, kanyaga breki. Gari likihama upande wowote, lilete. Au ukifika nyumbani baada ya safari, sogeza kiganja karibu na rimu za mbele bila kuzigusa. Moja ikiwa ya moto na ya pili baridi, kuna breki isiyofanya kazi au inayokataa kuachia.

Mafuta ya breki nayo watu huyadharau. Wanaona kichupa kimejaa, basi. Mafuta haya yanavuta unyevu wa hewa, na Tanga unyevu haukosekani. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Yakishakunywa maji ya kutosha yanaweza kuchemka kwenye 140. Mjini hutagundua. Utagundua unaposhuka Lushoto kuelekea Mombo, kona baada ya kona, mguu uko juu ya breki muda wote. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke ndani ya bomba, mvuke unabonyea, pedeli inazama, na mbele yako kuna kijana ameshuka na baiskeli yenye magunia ya kabichi. Ninamwambia kila anayepeleka gari milimani abadilishe mafuta hayo kila miaka miwili na tutoe upepo kwenye magurudumu yote manne. Bei yake haifiki bei ya tairi moja.

Sasa kioo. Saiti mira za umeme huibiwa, na ya kushoto ikiibiwa mwenye gari huona anaweza kusubiri. “Nina ile ya kulia na ya ndani,” wananiambia. Namkalisha bosi kwenye kiti chake, mimi nachukua baiskeli ya gereji nasimama karibu na mlango wa nyuma wa kushoto. Namuuliza kama ananiona. Kwenye kioo cha ndani nimefichwa na nguzo ya bodi na viti. Haniamini mpaka nipige kengele. Wengine nimewakuta wamebandika kioo cha kujitazamia kwa gundi, na kioo bapa cha namna hiyo kinaonyesha eneo dogo kuliko kile chenye mbinuko kidogo kilichotoka kiwandani. Mwenye daladala ana nafuu: ana konda. Konda hodari anatazama nyuma kabla hajafungua mlango, anagonga bodi kumzuia dereva, anampisha mwenye baiskeli kwanza. Niliwahi kuwaona makonda wa namna hiyo stendi ya Kange nikatamani wafundishe madereva wa magari madogo, ambao abiria wao hufungua mlango wa kushoto ghafla kana kwamba ukingo wa barabara haupitiwi na mtu.

Mimi mwenyewe natoka nyumbani Majani Mapana kwenda kazini kwa Phoenix hadi leo, kwa hiyo naijua barabara kutoka kwenye tandiko pia. Breki za Phoenix ni vipande vya mpira vinavyobana rimu ya chuma kwa vyuma vilivyounganishwa na mkono wa usukani. Rimu ikilowa mvua, mpira unateleza. Unabana kwa nguvu na baiskeli inaendelea mita nyingi kabla ya kuanza kushika. Dereva anayemkata mwenye baiskeli wakati wa mvua anadhani mwenzake atasimama kama yeye, hawezi. Taa ya dainamo inawaka gurudumu likizunguka tu, ukisimama usiku njia panda unabaki gizani, labda na kioo chekundu cha nyuma kama hakijavunjika. Mzigo nao: mwenye madumu au nazi hawezi kukwepa haraka, na akilazimika kushuka kwenye lami pale kingo zilipomeguka, gurudumu la mbele linazama mchangani na anaangukia upande alikoanza kuyumba. Mara nyingi ni upande wa magari.

Kwa hiyo honi ya karibu haimsaidii. Inamshtua, naye akishtuka anayumba. Kinachomsaidia ni nafasi na mwendo. Kwenye maeneo ya makazi mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa, na watu huona ni kuchelewesha tu. Lakini hesabu yake naijua kama ninavyojua spana zangu. Kwa mwendo huo, sekunde moja ya kutambua hatari inakula karibu mita 14, na breki nzima kwenye lami kavu zinataka mita nyingine kama 14. Ukiwa na kilomita 80, sekunde ile inakula mita 22 na breki zinataka 36 hivi. Jumla inatoka 28 kufika 58. Barabara ya kwenda Pangani ilipoanza kuwekwa lami nilifurahi kama kila mtu, maana vumbi na mashimo yake yameua shokapu nyingi. Lakini nilikuwa nawaza wanafunzi na wachuuzi wa Tongoni na Kirare, ambao waliizoea njia ambayo gari halikuweza kukimbia hata dereva akitaka.

Vijana ninaowafundisha, pamoja na wale wanaotoka VETA kwa mafunzo ya vitendo, hawapewi gari la kujaribu barabarani mpaka wamekwenda kwanza na baiskeli ya gereji kuchukua mzigo Ngamiani na kuurudisha kwa njia ya Korogwe saa ya jioni, magari yakiwa mengi. Mzigo wenyewe ni betri ya lori au giaboksi ndogo. Wazazi wengine walinilalamikia kwamba nawatuma watoto wao kama matarishi. Niliwaeleza sababu yangu nikaendelea. Binti mmoja alirudi kutoka safari hiyo mikono inatetemeka, akaweka betri chini, na bila kusema neno akaenda kwenye Noah aliyokuwa ameimaliza asubuhi akaanza kukaza upya kioo cha kushoto. Sasa ana gereji yake Muheza na mimi humpelekea kazi za umeme wa magari.

Siku hizi kuna jambo jipya linalonishughulisha, nalo ni magari ya mseto, yenye injini na betri kubwa. Ni magari mazuri, yanabana matumizi ya mafuta, na vijana wangu wanajifunza kuyahudumia, hasa ile feni ya kupoza betri inayozibwa na vumbi. Lakini kwa mwendo mdogo yanakwenda kwa umeme, kimya kabisa. Baiskeli haina kioo. Mwenye baiskeli anajua kilicho nyuma yake kwa masikio, na tangu nikiwa kijana tuliweza kutofautisha Bedford na Peugeot bila kugeuka. Mchuuzi mmoja wa nazi aliniambia, “Fundi, hizo gari zenu za kimya zinatokea ubavuni kama jini.” Umoja wa Ulaya uliamua kwamba aina mpya za magari ya umeme na ya mseto ziwe na kifaa cha kutoa sauti kuanzia Julai 2019, lakini mengi yanayotufikia hapa ni ya mtumba na yametengenezwa kabla ya hapo. Nawaambia wenye magari hayo wapige honi fupi wakiwa bado mbali, halafu wasubiri kichwa kigeuke ndipo wapite. Wawili watatu wameniuliza kama inawezekana kufunga king’ora kidogo kinacholia gari likitembea polepole, na mmoja wa vijana wangu amekwisha kuchora mchoro wa nyaya zake.