Pikipiki Inalala Wapi?

Tungo za bodaboda nilizozisoma nikiwa mwalimu, na hata baada ya kustaafu, karibu zote zinahusu mwendo. Kuna haraka, kuna ajali, kuna binti wa shule anayepewa lifti, kuna wodi ya mifupa. Sikumbuki hata utungo mmoja uliouliza chombo hicho kinakwenda wapi jua likishazama. Nadhani hapo washairi tumeacha jambo kubwa. Mwenye pikipiki hafikirii ajali kila saa, lakini kila jioni, bila kukosa, hufikiri mahali pa kuiweka.

Tuanze na maneno, kwa kuwa ndiyo yanayotukutanisha hapa. Kiswahili sanifu kinatupa kitenzi kuegesha, na nomino yake maegesho tunaiona kwenye vibao vya mjini. Ni kitenzi kizuri chenye nasaba ya baharini, cha ukoo mmoja na kuegama na kuegemea: nahodha huegesha chombo kwa kukisogeza mpaka kikaegemea gati au ufuko. Hapa Tanga, ukishuka Sahare asubuhi wavuvi wanaporudi, utaiona maana hiyo kwa macho yako. Gari lilipokuja likarithi kitenzi cha mashua, wala hakuna aliyelalamika. Vijana wao husema kupaki, na neno hilo limeota mizizi kiasi kwamba timu ikijaza walinzi golini huambiwa “imepaki basi”. Sina ugomvi nalo.

Lakini wasikilize waendesha bodaboda ifikapo saa tatu usiku. Hakuna anayemuuliza mwenzake ameegesha wapi. Huulizana: “Yako inalala wapi?” Na jibu huwa, “Nailaza kwa fulani.” Mchana pikipiki “ipo kijiweni” au “nimeipaki pale”, usiku kitenzi kinabadilika, na pamoja nacho hubadilika kila kitu. Kilichoegeshwa kimesimama tu, hakimhusu mtu. Kilicholala kina mwenyeji. Kwa Kiswahili mtu hulala kwa mtu, na likimpata jambo usiku, mwenye nyumba ndiye atakayeulizwa asubuhi. Angalieni pia tunavyotumia kulaza: mtoto hulazwa, mgonjwa hulazwa. Wote wawili wako chini ya uangalizi wa mtu aliye macho.

(Najua kuna kulaza kwingine, kule kwa dereva anayeinamisha pikipiki kwenye kona ili abiria ampigie kelele za hofu. Hicho ni kitenzi cha majigambo. Leo nakiacha.)

Nikiwa mwanachuo wa ualimu Korogwe, mwanzoni mwa miaka ya 1980, swali hili halikuwapo. Pikipiki ilikuwa ya bwana shamba, ya padri, ya ofisa fulani wa wilaya. Ililala ofisini, nyuma ya mlango wa serikali au wa misheni, na asubuhi ilikutwa ilipoachwa. Mwaka 2010 kanuni za serikali ziliitambua pikipiki kuwa chombo halali cha kubeba abiria kwa malipo, na kwa miaka ile chombo kile kikahamia mikononi mwa vijana wanaopanga chumba kimoja. Hapo ndipo kulala kwake kulipogeuka tatizo. Kitu chenye thamani kuliko vyote alivyo navyo kijana, kitanda na redio na godoro vikijumlishwa, kikawa hakina chumba.

Mchana si kazi. Kijiwe, neno ambalo asili yake ni jiwe dogo tu la kukalia, leo lina mwenyekiti, daftari na zamu, na ulinzi wake ni macho ya wenzako. Tazama dereva anapokwenda kula kwa mama ntilie: huchagua benchi linaloelekea pikipiki, hata kama jua linampiga usoni. Ijumaa, nje ya msikiti, utaona pikipiki tatu au nne zimepitishwa mnyororo mmoja magurudumuni na kutiwa kufuli moja, kama mbuzi wa mnadani, ili mwizi anayetaka moja alazimike kuzitaka zote. Kufunga usukani kwa ufunguo kila mtu hufunga, ila wote wanajua kwamba chombo cha kilo 100 na ushee wanaume wawili hukinyanyua kizima wakakipakia garini, usukani ukiwa umefungwa vilevile.

Usiku ndio mtihani, na mtihani huo uliniingilia nyumbani.

Nina nyumba ya urithi huko Ngamiani, nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma. Mpangaji wangu mmoja ni kijana niliyemfundisha kidato cha pili. Anaendesha pikipiki ya mkataba. Kwa msiozoea, maana yake ni hii: pikipiki ni ya tajiri, dereva humpelekea hesabu ya shilingi 10,000 kila siku, na baada ya miezi kumi na miwili pikipiki inakuwa yake. Ikiibwa mwezi wa kumi na moja, imeibwa ya tajiri, lakini deni linabaki la dereva. Kijana wangu alikuwa ametimiza miezi tisa. Kila usiku aliisukuma pikipiki hadi ukumbini, akaifunga mnyororo kwenye nondo ya dirisha la chumba chake, kisha akalala mlango wake ukiwa wazi kidogo.

Chumba kinachomwelekea anakaa mama mmoja na watoto wawili. Jioni moja alinijia barazani.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mwalimu, mimi sina ugomvi na mtu. Lakini huyu mdogo ana pumu, na usiku kucha tunavuta petroli. Na dada yake jana kagusa bomba la moshi. Njoo uone mguu.”

Niliuona. Ngozi ya muundi ilikuwa imebabuka upana wa kiganja cha mtoto. Nikamwita kijana. Alisimama kwa adabu, mikono nyuma, kama zamani darasani, akasema neno moja ambalo sijalisahau: “Mwalimu, nikiilaza nje, asubuhi nitakuta mnyororo umelala peke yake.”

Sikuwa na mkosaji wa kumhukumu. Uani hakufai, maana wapangaji hupikia mkaa pale, na jiko la mkaa na tangi la petroli si majirani. Barazani ni kuwakaribisha wezi. Kumwambia ahame ni rahisi kwa mwenye nyumba, ila chumba kingine atakachopanga kitakuwa na ukumbi mwingine na mtoto mwingine.

Tukaenda kwa Bibi. Namwita Bibi ingawa amenipita miaka kumi tu, kwa kuwa mtaa mzima unamwita hivyo. Nyumba yake ni ya tatu kutoka kwangu. Ana ua mpana, ukuta uliopandwa vipande vya chupa juu, lango la bati na mwarobaini katikati, na chini ya mwarobaini huo hulala pikipiki kumi na nne. Hakuiuliza pikipiki namba wala aina. Aliuliza swali moja tu: “Inashinda au inalala?”

Nilitamani wanafunzi wangu wote wa sarufi wangekuwapo. Kushinda, kulala. Kiswahili kimeigawa siku kwa vitenzi, kila kimoja na kipande chake, na Bibi ameifanya sarufi hiyo kuwa bei: kushinda shilingi 300, kulala 500. Kipo na cha tatu. Usiku kijana asiporudi kwa kuwa kuna harusi au mechi na abiria ni wengi, hupiga simu: “Bibi, yangu leo inakesha.” Bibi hasinzii mpaka ajue zipi zimelala na zipi zinakesha. Saa tisa usiku huamka kwa ajili ya tahajudi, na kabla ya kutawadha huzunguka gizani akizigusa siti kwa mkono, moja baada ya nyingine, akihesabu kimoyomoyo.

Mwaka jana mbuzi wake aliiangusha pikipiki moja, kioo cha pembeni kikavunjika. Mwenyewe alipofika alfajiri alikuta kioo kipya kimeshanunuliwa na fundi ameshaitwa. Alipokataa, Bibi alimwambia, “Imeumia ikiwa imelala kwangu.” Mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa niwape upande wa pili. Rafiki wa kijana wangu hufanya kazi ya bodaboda upande mwingine wa mji. Alikuwa akiilaza yake katika eneo la maegesho la taasisi moja, lenye uzio, taa na mlinzi wa sare. Alilipa, akapewa karatasi. Asubuhi moja hakuikuta. Alipoitoa karatasi aliambiwa aigeuze asome nyuma: “Chombo kimeegeshwa kwa hatari ya mwenye mali.” Alikwenda polisi, akapewa namba ya taarifa. Tajiri naye akafungua mkataba wake, akamwonyesha mstari wa deni. Kijana yule aliendelea kupeleka hesabu ya pikipiki asiyo nayo, akiipata kwa kuwa deiwaka, yaani kuendesha za wenzake kwa saa chache wanapopumzika. Hadi leo analipa.

Niliiomba karatasi ile niione. Miaka mingi nimewafundisha watoto kauli ya kutendwa, na nimewaambia kazi yake moja ni kumficha mtenda. “Kimeegeshwa.” Na nani? Kwa nani? Sentensi haina mtu ndani yake. Mwenye kupokea fedha hayumo, mlinzi hayumo. Yumo mwenye mali peke yake, naye kaletwa pamoja na hatari. Jaribu kuiandika sentensi hiyo kwa kitenzi cha Bibi uone inavyogoma: “Chombo kimelala kwetu kwa hatari ya mwenye mali.” Haisemeki. Neno kwetu linaikataa hatari isibaki kwa mwingine.

Kwa washairi naongeza neno dogo la ufundi. “Pikipiki imelala” ni mizani nane kamili, kipande kilichokwisha kupimwa na watu wasiojua kuwa wanapima. Nimekisikia mara nyingi langoni kwa Bibi, sauti ikishuka mwishoni kama ya mtu aliyetua mzigo. Naegesha pikipiki nayo ni nane, nakiri. Mizani haichagui upande. Anayetaka kutunga na aende akasimame langoni pale saa nne usiku.

Jambo halijaisha. Mwezi uliopita mtoto wa Bibi alikuja kutoka Dar es Salaam, akakuta pikipiki kumi na nne chini ya mwarobaini, akaogopa. Ni mtu wa hesabu. Alinikalisha, akanieleza kwa upole: mama anapokea shilingi 7,000 kwa usiku. Tukikadiria pikipiki moja kwa shilingi 2,800,000, ikiibwa moja tu na akataka kuilipa, kama tunavyomjua atakavyotaka, atakuwa amepoteza mapato ya usiku 400. Mama ana miaka sabini na ushee, lango ni la bati, na wezi siku hizi huja na gari. Kwa hiyo amebuni tikiti ndogo za kuchapisha, ambazo kila mwenye pikipiki atapewa akiingia. Amenipa mfano wake nirekebishe Kiswahili, kwa kuwa mimi ni mwalimu.

Mstari wa mwisho wa tikiti mnaujua. Ni uleule.

Simlaumu. Ningekuwa mtoto wake ningeogopa vilevile, na sioni kosa la sarufi la kusahihisha. Nilimpelekea Bibi karatasi, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Kuegeshwa ndiyo nini?” Nikamweleza. Akanyamaza, akachambua mchele wake, kisha akasema nimwachie afikiri.

Kijana wangu amebakiza wiki sita za mkataba. Ameniuliza kama tikiti zitaanza kabla au baada ya hapo, nami sikuwa na jibu. Wenzangu wa Mombasa, Unguja, Bujumbura na Lubumbashi, niambieni, za kwenu jioni zinalala, zinaegeshwa au zinawekwa tu? Mfano wa tikiti bado uko mezani kwangu. Pembeni, kwa penseli, nimeandika “Imelala kwa Bibi” na nikaacha nafasi ya tarehe, lakini sijaurudisha.