Maji Yalitekwa na Nani? Kanisa Kuu la Mkunazini na Urithi wa Wajenzi

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutajwa mno katika midahalo ya lugha na utamaduni, na mara nyingi hutajwa kana kwamba asili ya kitu ni jambo lililo wazi, lisilohitaji kuulizwa. Ukweli ni kwamba asili ya jengo, kama ilivyo asili ya lugha, ni kazi ya mikono mingi, ilhali ukutani huandikwa jina moja au mawili tu. Kanisa Kuu la Kristo lililoko Mkunazini, Unguja, ni mfano mwafaka wa jambo hili. Aidha, ni mfano unaomhusu mwanafunzi wa Kiswahili kwa namna ya pekee, kwani askofu aliyesimamia ujenzi wake ndiye pia aliyeweka baadhi ya misingi ya Kiswahili cha maandishi tunachokitumia leo.

Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Chechelesi mjini Isiolo, aliichagua habari ya jengo hilo kuwa mada ya tasnifu yake. Waliomfahamu walishangaa. Chechelesi iko mbali na bahari, katika nchi kame ambamo Kiborana, Kiturkana, Kisomali, Kisamburu na Kimeru hukutana sokoni, na Kiswahili ndicho kiungo kinachowaunganisha wasemaji wa lugha hizo zote. Nyumbani kwao kijana huyo walisema Kiturkana. Alipovuka ua kwenda kucheza na watoto wa jirani, alisema Kiswahili. Hakukumbuka siku aliyojifunza lugha hiyo, kama vile mtu asivyokumbuka siku aliyojifunza kutembea. Hata hivyo, alipofika chuoni alikuta wenzake wenye asili ya pwani wakikicheka Kiswahili chake cha bara. Upatanisho wake wa ngeli uliwachekesha, na lafudhi yake iliigizwa bwenini. Taratibu akaanza kuamini kuwa yeye ni mpangaji tu katika nyumba ya wenyewe. Ndipo alipoazimia kuitafuta nyumba hiyo ilipojengwa, aone ni akina nani hao wenyewe.

Kuhusu makanisa makuu alijua machache. Lililo karibu naye lilikuwa la Mtakatifu Eusebio mjini Isiolo, ambalo jina lake lilitoka mbali: Eusebio alikuwa askofu wa kwanza wa Vercelli, Italia, na Vercelli ndiko alikotoka Askofu Luigi Locati, aliyeiongoza Vikarieti ya Kitume ya Isiolo tangu ilipoundwa mwaka 1995 hadi alipouawa kwa kupigwa risasi mjini humo tarehe 14 Julai 2005. Vikarieti hiyo ilifanywa jimbo kamili mwaka 2023. Kwa watoto wa Isiolo, Eusebio ni jina la kwao kama majina mengine. Kijana huyo hakuwahi kujiuliza jina la Kiitaliano lilifikaje kwenye vumbi la kaskazini mwa Kenya, mpaka alipoanza kuuliza habari za Mkunazini.

Makanisa makuu ya kale ya Uingereza hutambulika upesi kwa matao yaliyochongoka juu, nguzo ndefu zinazoyainua macho, madirisha ya vioo vya rangi, na minara inayoonekana kabla ya mji wenyewe kuonekana. Lile la Salisbury, ambalo msingi wake uliwekwa mwaka 1220, lina mnara wa takriban mita 123. Waingereza walipofika Afrika Mashariki, walikuja na picha hiyo vichwani mwao. Jijini Nairobi, jiwe la msingi la Kanisa Kuu la All Saints liliwekwa mwaka 1917 kwa ramani ya Temple Moore, msanifu Mwingereza, na jengo hilo la mawe ya kijivu lingeweza kuhamishiwa mji wowote wa Uingereza pasiwe na mtu wa kushangaa. Mombasa mambo yalikuwa tofauti. Kanisa Kuu la Ukumbusho, lililojengwa kati ya mwaka 1903 na 1905 kwa kumbukumbu ya Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885, limevikwa kuba, na mgeni apitaye aweza kulidhania msikiti.

Mkunazini ilitangulia zote mbili. Tarehe 5 Juni 1873, kwa shinikizo kubwa la Uingereza, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba uliokomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kuyafunga masoko yao. Uwanja wa Mkunazini, walipokuwa wakiuzwa watu waliotolewa pande za Ziwa Nyasa na kwingineko bara, ukabaki mtupu. Sehemu ya uwanja huo ilinunuliwa na mmisionari Arthur West, na sehemu nyingine ikatolewa na Jairam Senji, tajiri wa Kihindi. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo, jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Ibada ya kwanza ilifanyika humo siku ya Krismasi ya mwaka 1877, paa likiwa bado halijakamilika.

Ramani ilichorwa na msanifu Mwingereza, C. F. Hayward, lakini aliyeshinda juani pamoja na mafundi alikuwa Askofu Edward Steere. Hapo ndipo umbo la Kiingereza lilipokutana na mali ya Unguja. Hapakuwa na mawe ya chokaa ya Kiingereza. Palikuwa na matumbawe. Paa halikuinuliwa kwa boriti, bali Steere aliamua liwe tao moja refu, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu, lililomiminwa kwa vipande vya matumbawe vilivyochanganywa na saruji. Matao ya madirisha yalichongoka kama ya Uingereza, na wakati huohuo yakafanana na matao ya nyumba za Kiarabu za Mji Mkongwe. Saa ya mnara ilitolewa na Sultani Barghash mwenyewe. Madhabahu iliwekwa mahali ambapo, kwa mujibu wa mapokeo, palikuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Mbele yake pana duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, ishara ya damu. Upande wa kuingilia zipo nguzo zilizosimamishwa juu chini, na husimuliwa kuwa mafundi walizipindua hivyo askofu alipokuwa safarini. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Mikono hiyohiyo ilikuwa imeshika kalamu pia. Mwaka 1870 Steere alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja pamoja na mkusanyiko wa ngano ambazo, kama anwani yake isemavyo, zilisimuliwa na wenyeji wa Zanzibar. Alifasiri vitabu vya Biblia, na Biblia kamili ya Kiunguja ikatoka mwaka 1891. Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, Kiunguja ndicho kilichoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lahaja ambayo Krapf aliitegemea katika kamusi yake ya mwaka 1882, kikawekwa kando. Ama kweli, aliyesimamia kanisa hilo alisaidia pia kuusimamisha usanifu wa lugha.

Kijana wa Chechelesi aliyaandika hayo yote kwa furaha. Alipokwenda nyumbani likizo, alimsimulia mamaye habari ya askofu aliyejenga kanisa juu ya soko la watu. Mama huyo hakusoma shule, lakini ni mjenzi. Miongoni mwa jamii za wafugaji wa kaskazini, nyumba hujengwa na wanawake, na hata baada ya kuhamia mjini ni yeye aliyezifunga fito za nyumba yao, akaikandika kwa udongo na samadi, na kuikandika upya kila baada ya mvua. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Habari ya askofu nimeisikia,” akasema. “Lakini maji ya kukorogea hayo mawe, mwanangu, yalitekwa na nani?”

“Haikuandikwa, mama.”

“Basi hujamaliza kusoma.”

Swali hilo lilimfanya arudie upya kila alichokiandika. Aligundua kuwa tasnifu yake ilimtaja askofu, msanifu, sultani, tajiri na mmisionari. Haikumtaja mwashi hata mmoja, wala msimulizi wa ngano hata mmoja. Ilimtaja hata David Livingstone, kwa kuwa mle ndani umo msalaba uliochongwa kutokana na mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambapo moyo wa msafiri huyo ulizikwa mwaka 1873. Mti una habari zake; wachukuzi wa maji hawana. Yeyote aliyeiinua ile nguzo juu chini anakumbukwa kwa kosa tu, tena bila jina. Hata Uingereza kwenyewe waashi wengi wa zama za kati waliacha alama ndogo tu walizozichonga kwenye mawe, na majina yao yakapotea.

Urithi usioulizwa maswali huweza pia kupotosha. Karibu na kanisa wageni huonyeshwa vyumba vya chini ya ardhi vinavyosemwa kuwa walifungiwa humo watumwa, ingawa baadhi ya wanahistoria wanatilia shaka kauli hiyo, wakieleza kuwa jengo lililo juu yake lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Shaka hiyo haipunguzi hata chembe ya mateso yaliyofanyika uwanjani hapo. Nje ya kanisa, sanamu za watu watano waliosimama shimoni, zilizochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998, zimefungwa minyororo halisi. Sanamu hizo hazina majina, na pengine ukimya huo ndio ukweli wao. Mwaka 2016, baada ya kanisa kukarabatiwa, kilifunguliwa hapo kituo cha urithi kinachoeleza historia ya utumwa.

Wakati huo ndugu zake kijana walikuwa wakichanga fedha ili nyumba ya udongo ibomolewe na ya mawe ijengwe. Mama alikubali kwa moyo mweupe, maana migongo ya wanawake huchoka. Kijana naye hakupinga. Alichokifanya ni kuketi na mamaye siku baada ya siku akiandika jina la kila kiungo cha nyumba ile, kwa Kiturkana na kwa Kiswahili chake mama. Neno kombamoyo alilijua kutoka kamusini; mamaye aliuita tu mti wa juu. Kwa upande wake, mama alitenga udongo uliokorogwa leo na udongo uliolala usiku kucha ukiiva, ilhali kamusi iliviita vyote udongo. Hapo kijana akafahamu kuwa Kiswahili kinaendelea kujengwa, na kwamba wapo wanaokichotea maji hata Chechelesi. Sura hiyo aliiongeza mwishoni mwa tasnifu, na jina la mamaye akaliweka mwanzoni mwake. Mpangaji hukaa katika nyumba asiyoikandika. Yeye na mamaye walikuwa wameikandika.

Wanafunzi wa Kiswahili wana desturi ya kubishana kuhusu wenyewe wa lugha: Mswahili ni nani, sanifu ni ipi, na fasaha ni ya nani. Mjadala huo una manufaa yake. Hata hivyo, Mkunazini inafundisha kuwa umbo laweza kutoka ng’ambo, fedha zikatoka kwa tajiri, na saa ikatoka kwa mfalme, lakini ukuta husimama kwa chokaa iliyokorogwa na wenyeji. Yafaa basi, kila likizo, kila mwanafunzi arudi na jina la mjenzi mmoja wa kwao, la fundi, msimulizi au mkandikaji, pamoja na maneno ya kazi yake. Wazee wanazidi kututoka, na kuta za udongo hazingojei mvua nyingi.