Sukari Hupita, Insulini Haipiti

Mwanangu mpendwa,

Shangazi amepata habari za kipimo chako cha kliniki: kisukari cha mimba, na mtoto mkubwa kuliko umri wake. Hapa nyumbani akina bibi wanalisifu tumbo hilo. Shangazi hawezi kulisifu.

Kondo la nyuma hupitisha sukari ya mama, lakini insulini ya mama haipiti. Kwa hiyo sukari ikizidi, kongosho changa la mtoto hulazimika kutoa insulini nyingi, nayo humnenepesha, mafuta yakajaa mabegani na kifuani. Daktari Jørgen Pedersen wa Copenhagen alilieleza jambo hili miaka ya 1950, na maelezo yake yanatumika hadi leo.

Mtoto wa namna hiyo akizaliwa, kichwa kinaweza kutoka mabega yakakwama, na mishipa ya fahamu ya shingoni ikivutika, mkono hulegea. Kisha kitovu hukatwa. Sukari ya mama hukoma papo hapo, ilhali insulini ya mtoto bado ni tele, basi sukari yake huporomoka: hutetemeka, hulegea, hakubali kunyonya. Akiachwa hivyo hupata degedege, na ubongo unaweza kudhurika. Wauguzi wakitaka kumtoboa kisigino wapime damu, mtu yeyote asiwazuie, na ziwa apewe ndani ya saa ya kwanza. Wengine huhema kwa shida, kwa kuwa insulini nyingi huchelewesha mapafu kukomaa hata mwili ukiwa mkubwa. Wengine, na hili ni zito kuliandika, hufia tumboni wiki za mwisho. Mtoto akipunguza kucheza, hospitali ni siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Dada yako mkubwa, aliyekuwa na kisukari kabla ya kuolewa, ana jambo lake la ziada. Moyo na uti wa mgongo wa mtoto hujengeka ndani ya wiki 8 za mwanzo, pengine mama hajajua kuwa ana mimba. Yeye adhibiti sukari kwanza, ndipo abebe.

Matumaini yapo, tena makubwa. Mwaka 2005 utafiti wa Australia uliohusisha wajawazito 1,000 ulionyesha kuwa kwa mpango wa chakula, kupima sukari, na insulini kwa waliohitaji, madhara mazito kwa watoto yalishuka kutoka 4 hadi 1 kwa kila 100. Kliniki nyingi hulenga sukari iwe chini ya 5.3 mmol/L kabla ya kula asubuhi, na chini ya 7.8 saa moja baada ya mlo. Punguza ugali na wali, ongeza mboga na maharage, acha soda na juisi, tembea baada ya kula. Wakikuandikia sindano ya insulini usiiogope, haimfikii mtoto.

Ukishajifungua, kati ya wiki ya 6 na ya 12, rudi upimwe tena, maana wengi waliopata kisukari cha mimba hupata kile cha kudumu miaka ya baadaye.

Shangazi yako