Nani Anamsubiri Nani

Prosesa ya kompyuta yangu haijaharibika. Ingekuwa imeharibika, uamuzi ungekuwa mwepesi: kitu kikifa unanunua kingine, hakuna wa kukuuliza. Yangu ni Ryzen 5 2600, toleo la mwaka 2018, yenye viini sita, na mpaka leo inafungua ramani zangu za kozi bila kulalamika. Kinachoishinda ni kitu kimoja tu, Counter-Strike 2. Na Counter-Strike 2 ndiyo saa mbili za usiku ambazo kaka yangu huwa anazungumza nami.

Kaka yuko Mwanza, mimi niko Dar es Salaam nasoma shahada ya uzamili ya mipango ya usafiri. Baba alipofariki, yeye alikuwa mwaka wa pili chuoni. Akaacha, akarudi kusimamia duka la vipuri vya pikipiki, na duka hilo ndilo lililonisomesha. Kwenye simu mazungumzo yetu ni mafupi: Mama anaendeleaje, ada imebaki kiasi gani, haya usiku mwema. Lakini akishafunga duka na kula, kwenye saa nne usiku, anawasha kompyuta, anavaa hedifoni, na anakuwa mtu mwingine. Kwenye gemu hili ukiuawa mapema, unabaki unamtazama mwenzako akicheza mpaka raundi iishe. Hapo ndipo anaponieleza mambo. Kwamba presha ya Mama ilipanda wiki iliyopita. Kwamba kuna mtu alimkopa na hapokei simu. Nadhani ni rahisi kuyasema macho yakiwa kwenye kitu kingine.

Mwezi Septemba 2023, kampuni ya Valve iliiondoa Counter-Strike ya zamani na kuiweka ya pili mahali pake, bure, kwa kila mtu. Ile ya zamani ilikuwa inateleza kwenye mashine yangu kama maji. Hii mpya inakwama. Watu wakikutana kona moja, risasi na mabomu ya moshi kwa pamoja, picha inasimama, halafu inaruka, na ninapoona tena nimeshalala chini. Kaka anauliza, "Dogo, upo?" Nikawa najitoa mapema. Kutoka siku tano kwa wiki tukafika mbili.

Ndipo akanitumia shilingi 300,000 kwa simu, na ujumbe mfupi: "Kanunue hicho kitu ukae sawa."

Hela ile ilikaa wiki tatu sijaigusa. Kwanza nilitaka kuwa na uhakika kwamba tatizo ni prosesa kweli. Mtandao niliuondoa mapema: sote wawili tunacheza kwenye seva za Johannesburg, na dalili hazifanani. Intaneti ikisumbua, wachezaji wengine ndio wanaorukaruka. Prosesa ikielemewa, dunia nzima inasimama. Kisha nikapima. Katika gemu, prosesa ndiyo inayohesabu kila mtu yuko wapi na kila risasi imekwenda wapi, halafu inaiagiza kadi ya picha ichore. Nilishusha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Kama kadi ndiyo iliyochoka, kazi ikipungua fremu zingeongezeka. Hazikuongezeka. Kadi yangu, RX 580 ya zamani, ilikuwa inafanya kazi nusu tu ya uwezo wake, imekaa inasubiri maagizo. Asilimia ya jumla ya prosesa ilionyesha haijafika hata 60, na hapo wengi hudanganyika: jumla ni wastani wa viini vyote, na kiini kimoja kinaweza kuwa kimejaa pomoni wakati vingine vimekunja mikono.

Kariakoo, muuzaji wa kwanza alinishauri nibadilishe seti nzima: prosesa mpya, madabodi mpya, ramu mpya. Hesabu yake ilikuwa zaidi ya mara nne ya hela niliyokuwa nayo. Lakini soketi ya AM4, iliyobeba Ryzen za kwanza mwaka 2017, AMD iliendelea kuitengenezea prosesa kwa miaka mingi. Madabodi yangu ya B450 ikisasishwa programu yake ya kuwashia inapokea Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 bila kubadilisha kingine chochote, hata pawa saplai, kwa kuwa zote mbili zimepangiwa wati 65. Muuzaji wa pili alikuwa nayo iliyotumika, shilingi 270,000.

Kwa kuhesabu viini, huoni sababu ya kuinunua. Ile ina sita, hii ina sita. Tofauti iko ndani. Kwenye 2600, viini vimegawanywa makundi mawili ya vitatu vitatu, kila kundi na ghala lake dogo la kumbukumbu ya karibu, megabaiti 8. Kundi moja likihitaji kitu kilichoko kwa lenzake, ni safari. Kwenye 5600, viini vyote sita vinachota kwenye ghala moja la megabaiti 32. Gemu linalouliza maswali yaleyale mara mamia kwa sekunde linanufaika sana na ghala la namna hiyo.

Upande wa mashine, basi, jibu lilikuwepo. Lililobaki ni upande wa hela.

Njia rahisi ingekuwa kusema ni kwa ajili ya masomo. Tasnifu yangu inahusu foleni kwenye makutano ya barabara, na programu ninayotumia kuigiza magari inakula prosesa kwelikweli. Ila naiwasha nikienda kulala, na asubuhi matokeo yako tayari. Hakuna msimamizi anayeyahitaji saa tisa za usiku. Sikutaka kuisingizia tasnifu.

Njia nyingine ilikuwa kumrudishia. Mkono ule umelipa ada yangu ya sekondari na sasa unalipa nusu ya ada ya uzamili. Nina miaka 26. Inafika mahali mtu unataka kupokea kidogo kuliko jana. Nilikuwa na kazi ya kukusanya takwimu ambayo ingenilipa baada ya miezi minne, na nilipanga kumwandikia: asante kaka, nitanunua mwenyewe.

Kilichonizuia ni jambo tunalofundishwa darasani. Watu huitazama foleni na kusema barabara ni nyembamba. Pale TAZARA ilijengwa Mfugale, ikafunguliwa mwaka 2018; Ubungo ikafuata mwaka 2021. Kila mpangaji anajua kwamba ukifungua makutano moja, magari yanawahi kufika kwenye makutano yanayofuata, na huko nako kuna taa. Kwa hiyo upana wa barabara hatuanzi nao. Tunaanza kwa kuuliza nani anamsubiri nani, na kusubiri huko kunamgharimu nini.

Nikajiuliza hivyohivyo. Miezi minne ile, nani angekuwa anasubiri? Mimi nina wenzangu wa darasa, nina maktaba, nina kijiwe cha kahawa. Kaka yangu tangu ana miaka 21 ana duka. Rafiki zake wa chuo walimaliza, wakatawanyika. Ada ananilipia mimi. Ile 300,000 alikuwa anamlipia mtu wa kukaa naye saa nne usiku, na kuirudisha kungekuwa kumwambia sina haja na kiti alichonivutia.

Nikanunua. Kazi ya kusasisha madabodi niliifanya kwa jirani mwenye betri ya kukinga umeme, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya zoezi lile unaweza kubaki na ubao wa kukatia vitunguu. Chenji ya 30,000 nilimrudishia. Akaituma tena, akasema ninunue luku. Nikamwambia pia kwamba ada ya muhula wa mwisho nitailipa mimi, ile hela ya takwimu ikitoka. Alinyamaza kidogo, akasema sawa.

Sasa kadi ya picha ndiyo imejaa, inafanya kazi zaidi ya asilimia 90. Foleni imehamia kwake, kama ilivyotarajiwa, na nitaiacha hapo. Picha haisimami tena. Juzi, tukiwa wote wawili tumeshauawa na raundi bado inaendelea, aliniuliza mtu aliyeachia mwaka wa pili anahitaji vyeti gani ili aombe Chuo Kikuu Huria. Aliuliza kana kwamba anamuulizia mteja. Nilimwambia nitaangalia, na Jumatatu nitapita ofisini kwao kuuliza.