Fungu Lililokwisha Kuandikwa

Kupwelewa ni neno la pwani yetu, lakini msiba wake hauna pwani maalumu. Tarehe 27 Agosti, 2010, merikebu ya watalii iitwayo Clipper Adventurer ilipanda fungu la mwamba katika Ghuba ya Coronation, kaskazini ya Kanada, ikielekea Kugluktuk. Hakufa mtu. Wasafiri 128 walichukuliwa na merikebu ya kuvunja barafu, Amundsen, na ile yao ikabaki mwambani, imetoboka chini.

Asikiaye habari hii hudhani fungu lile halikujulikana, maana sehemu kubwa ya bahari za ncha ya dunia haijapimwa vyema. Sivyo. Walinzi wa pwani waliligundua mwaka 2007, na tangazo kwa mabaharia likatolewa mwaka uo huo. Lakini ramani iliyoongoza merikebu haikutiwa sahihisho lile. Kwa miaka mitatu ujuzi ulikuwako. Uliokosekana ni mkono wa kutia alama moja ya kalamu. Mwaka 2017 mahakama ya Kanada iliwatwika lawama wenye merikebu.

Niliposoma hayo sikuthubutu kumcheka mtu. Mwaka mmoja nilimkosesha mwanafunzi alama katika mtihani kwa kuandika kwamba kipwa ni fungu lionekanalo maji yakipwa, ilhali masomo yangu yalisema ni fungu lolote la baharini. Alinijia kwa adabu, akasema, "Mwalimu, kwetu Pemba ndivyo tujuavyo." Nikamjibu kwamba mtihani haufanywi Pemba. Jioni ile nilifungua daftari langu la zamani, nikaikuta maana yake ile ile kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nilipewa na mvuvi miaka minne kabla, nami sikuihamisha katika masomo. Alama zake nilizirudisha. Imani yake sikuweza. Hakujiandikisha tena katika darasa langu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo. Tangu hapo, kila muhula unapokaribia, hukaa siku nzima na madaftari mawili, la kukusanyia na la kufundishia, nikihamisha masahihisho neno kwa neno. Ni kazi ya kuchosha, wala haina sifa. Lakini mwalimu, kama nahodha, hasafiri peke yake. Na akikosea njia, wa kwanza kulowa si yeye.