Wasia wa Mama wa Pate

Juma lililopita nilimpeleka binti yangu Pate, mji alikozaliwa Mwana Kupona binti Msham. Tulitoka Lamu kwa mashua, tukashukia Mtangawanda maji yakiwa yamejaa. Mjini tulipita baina ya magofu ya mawe, ambamo siku hizi hulimwa tumbaku.

“Mama, nyumba yake iko wapi?”

Nikamweleza kuwa mwaka 1858, akiwa mgonjwa, mama yule alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utenzi wa wasia. Kuta zimeanguka, wasia ungali unasomwa.

Akanyamaza. Anajua kwamba mwezi ujao nitafanyiwa upasuaji.

“Nawe, Mama, umeniandikia nini?”

Sikuwa na jibu. Usiku ule, baada ya Isha, nilichukua karatasi nikaandika: Bismillahi.